Besi ya hambaka moja au mbili: ninunue ipi?

*Shikamoo fundi. Napiga besi kwenye kwaya ya vijana hapa Mbeya, huu ni mwaka wa tatu, kwa gitaa la kanisa ambalo limechoka. Nimedunduliza fedha za kununua langu. Mwanjelwa nimeoneshwa mawili ya mtumba, yote ya nyuzi nne, yote yanatumia betri. Moja lina hambaka moja kubwa karibu na daraja, lingine lina hambaka mbili. Mwenye duka anasema la mbili lina nguvu mara mbili, na la moja ni la wanaojifunza. Mpiga solo wetu anasema la mbili litaondoa mvumo tunaousikia kwenye spika kila Jumapili. Tunapiga mapambio ya kuchangamka yenye sebene, na nyimbo za kitabuni za taratibu. Shida yangu kubwa ni kwamba kinanda kikiingia besi yangu haisikiki, hata nikiongeza sauti. Ninunue lipi?*

Marahaba, kijana wangu, na hongera kwa kudunduliza. Umeuliza swali moja lakini ndani yake nayaona matatu: nguvu, mvumo, na besi kumezwa na kinanda. Hilo la tatu ndilo linalokuumiza kila Jumapili, na hao wawili waliokushauri hawakuligusa. Nitayapitia mawili ya kwanza, kisha tukae na la tatu.

Tuanze na nguvu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu, na hambaka ni aina mojawapo ya pikapu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unauvuruga uga wa sumaku, na umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya. Umeme huo ndio sauti yako. Sasa, magitaa mengi ya pikapu mbili yameungwa kwa njia ya sambamba, na pikapu mbili zilizoungwa hivyo hazijumlishi nguvu zao. Kila moja inakuwa mzigo kwa mwenzake, na kinachotoka kinakaribia wastani wa sauti zao mbili. Zikiungwa kwa mfuatano sauti inakua na kunenepa, lakini si magitaa mengi yanayotoka kiwandani yakiwa hivyo. Na hata pale sauti inapoongezeka, kinachoamua ukubwa wake kanisani ni amplifaya, spika na mkono wa mtu wa mitambo. Habari ya "nguvu mara mbili" iache hapo hapo dukani.

Na hili la kwamba hambaka moja ni ya wanaojifunza halina ukweli wowote. Music Man StingRay lilitoka mwaka 1976, na Leo Fender mwenyewe alishiriki kulibuni. Lina hambaka moja karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, na mfumo wa betri ndani yake, na lipo kwenye rekodi za wapigaji wakubwa wa dunia hadi leo. Huenda hilo uliloliona Mwanjelwa limeigwa kutoka kwake, maana viwanda vingi vimefuata mpango huo.

Kuhusu mvumo, mpiga solo wenu ana nusu ya ukweli. Umeme wa nyumbani kwetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili yoyote ya waya iliyo karibu inaunasa mtikisiko huo. Hz 50 ni karibu sawasawa na sauti ya G ya chini, ile ya freti ya tatu kwenye uzi wa E, ambayo ni Hz 49. Ndiyo maana mvumo unamsumbua mpiga besi kuliko mwingine yeyote: unakaa ndani ya eneo lake la kazi. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya hambaka mwaka 1955 kwa ajili ya tatizo hili. Alichukua koili mbili, akaziunga ili mvumo unaoingia katika zote utoke kwa mielekeo inayopingana na kufutana, kisha akaigeuza sumaku ya koili moja ili sauti ya uzi isifutike bali ijumlishwe.

Sasa angalia vizuri: koili hizo mbili zimo ndani ya hambaka *moja*. Hambaka moja inajimalizia mvumo wake yenyewe. Ya pili ikiongezwa, nayo inajimalizia wake. Kwa hiyo kama gitaa la kanisa lina pikapu za koili moja moja, yoyote kati ya hayo mawili ya Mwanjelwa yatakupa utulivu, na lenye mbili halitakuwa tulivu zaidi ya lenye moja.

Lakini kabla hujaamini kwamba mvumo wenu unatoka kwenye pikapu, fanya jaribio dogo Jumamosi wakati wa mazoezi. Gitaa likiwa limechomekwa, shusha volyumu yake hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, pikapu hazihusiki: tafuta kwenye waya, kwenye amplifaya au kwenye mikisa. Ukipotea, pandisha volyumu tena, kisha geuka polepole ulipo ukiwa umelishika gitaa. Mvumo ukipungua ukiangalia upande fulani na kuongezeka ukiangalia mwingine, hizo ni koili zinanasa umeme, na hambaka itakusaidia. Ukiona kwamba mlio wa kukwaruza unapungua pale tu unapogusa nyuzi, kinga ya ndani ya gitaa ni dhaifu, na hata gitaa lenye hambaka nne lingelia vilevile. Na kama mvumo unaanza kinanda kinapochomekwa kwenye soketi nyingine na kuungwa kwenye mikisa hiyo hiyo, hapo kuna mzunguko wa athi (ule waya wa usalama unaoshuka ardhini) kati ya vyombo. Dawa yake ni kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya chombo na mikisa, chenye transfoma ndani, au kuchomeka vyombo vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme. Usikate kamwe pini ya athi kwenye plagi. Najua wapo wanaofanya hivyo na mvumo unaisha kweli. Pamoja na mvumo, inaondoka kinga ya maisha yako.

Sasa tuje kwenye kumezwa na kinanda. Hapa idadi ya hambaka haina uzito mkubwa. Uzito uko mahali hambaka ilipokaa, na kwenye kinachotokea unapofungua mbili kwa pamoja.

Uzi wa besi hautikisiki kwa namna moja. Uzi mzima unacheza juu na chini, na hiyo ndiyo sauti ya msingi. Kwa E ulio wazi ni Hz 41. Wakati huo huo uzi unajigawa nusu mbili zinazocheza kwa Hz 82, theluthi tatu, robo nne kwa Hz 165, na kuendelea juu. Migawanyo hiyo tuiite harmoniki. Karibu na daraja uzi umebanwa, hivyo mtikisiko mkubwa wa msingi ni mdogo pale, lakini harmoniki za juu, ambazo mawimbi yake ni mafupi, tayari zimeshapanda.

Tupige hesabu kidogo, maana inafaa. Gitaa la besi la kawaida lina uzi wa milimita 864 kutoka shingo inapoanzia hadi darajani. Weka pikapu moja sentimita 15 kutoka darajani, na nyingine sentimita 6. Ile ya sentimita 6 inapata sauti ya msingi kwa kiasi cha asilimia 42 tu ya ile ya sentimita 15. Harmoniki ya nne inaipata kwa asilimia zaidi ya 90. Kwa maneno mengine, ukisogea darajani unapoteza zaidi ya nusu ya unene huku ukibaki na karibu ung'avu wote. Ndiyo maana magitaa mawili yenye hambaka moja kila moja yanaweza kutofautiana sana. Gibson EB-0 ya miaka ya 1960 ilikuwa na hambaka moja iliyokaa mwisho kabisa wa shingo, na sauti yake ni nzito, ya kufunika, isiyo na makali. StingRay nalo lina moja, lakini karibu na daraja, na linakata kama panga jipya. Ukimwambia mtu "nina besi ya hambaka moja" bila kumwambia imekaa wapi, hujamwambia chochote kuhusu sauti yake.

Sasa zifungue zote mbili, ya shingoni na ya darajani, volyumu sawa. Nyingi kati ya harmoniki za chini zitajumlishwa vizuri. Lakini ipo sehemu ya juu kidogo ambako uzi ulio juu ya pikapu moja unapanda wakati ulio juu ya nyingine unashuka. Kwa vipimo vyetu vya sentimita 6 na 15, hilo linatokea kwenye harmoniki ya nane ya E ulio wazi, karibu Hz 330. Pikapu zinapingana pale kama watu wawili wanaousukuma mlango mmoja kutoka pande mbili, na sauti hiyo inakaribia kutoweka. Kilichobaki ni chini iliyojaa, juu inayometameta, na shimo katikati.

Sauti yenye shimo hilo inapendeza sana ukiwa peke yako chumbani au dukani. Ndiyo inayouza magitaa. Ukiingia nayo kwenye kwaya, chini yako inakutana na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda na teke la ngoma, na juu yako inakutana na solo na sauti za watu. Katikati, mahali ambapo sikio lingekutambua, haupo. Kumbuka pia kwamba spika nyingi za makanisani, zile za inchi 12 zilizosimama kwenye vigingi, hazitoi Hz 41 kwa nguvu ya maana. Sikio la msikilizaji linaijenga sauti ya chini kutokana na harmoniki zilizo juu yake. Ukizitoa harmoniki hizo, umeitoa besi yenyewe. Na hapo kuongeza volyumu kunaongeza ngurumo tu, si noti.

Hii haina maana kwamba hambaka mbili ni mbaya. Hambaka mbili zinakupa uchaguzi. Unaweza kufungua ya darajani peke yake wakati wa sebene, ukazima na kwenda ya shingoni wakati wa wimbo wa kitabuni, ukapata ule unene wa mviringo ambao hambaka ya darajani haiwezi kukupa kwa ukweli wote, hata ukiongeza besi kwenye ikolaiza. Unaweza kufungua zote lakini moja kwa nusu, na shimo la katikati likajazika kidogo. Mengine yana swichi ya kuunga koili kwa mfuatano au sambamba, au ya kuacha koili moja tu ifanye kazi, na katika hali hiyo ya mwisho ujue mvumo unaweza kurudi. Kwa mtu anayepiga harusi Ijumaa, ibada Jumapili na studio Jumatano, uchaguzi huo una thamani kubwa. Kasoro yake ni kwamba lazima ujue unachochagua, na uchague katikati ya wimbo. Nimewaona wapigaji wengi wazuri wanaoacha kitufe cha mchanganyiko katikati mwaka mzima, yaani wamenunua uchaguzi na kuchagua shimo.

Hambaka moja karibu na daraja inakupa sauti moja iliyonyooka, na kazi ya kuibadilisha inahamia mkono wako wa kulia. Usiudharau mkono huo. Ukikwanyua uzi pale shingo inapoishia, unaamsha sauti ya msingi kwa wingi. Ukikwanyua karibu na daraja, unaamsha harmoniki. Pikapu inabaki ile ile, lakini kilichomo ndani ya uzi kimebadilika kabla hakijaifikia. Kwa nyimbo za taratibu sogeza vidole kuelekea shingoni, piga kwa nyama ya kidole wala si kwa ncha, punguza kidogo sauti za juu. Kwa sebene rudi nyuma. Pia kama unapenda kupiga kwa dole gumba na kuvuta nyuzi, hambaka ya shingoni huwa inakaa pale pale vidole vinapotaka kuingia chini ya uzi, na wengine inawakera.

Basi nikujibu wazi. Kama magitaa yote mawili ni mazima kwa kiwango sawa, kwa kazi uliyonieleza, mimi ningechukua la hambaka moja. Shida yako ni kutosikika, na hambaka ya darajani ina katikati ile unayoikosa. Ningebadili mawazo kama ungeniambia kanisa lenu lina spika kubwa za chini na mnapiga zaidi nyimbo za kitabuni, au kama lile la mbili lina swichi za kuzibadili koili na wewe una hamu ya kweli ya kujifunza kuzitumia. Na ningelichukua lolote kati ya hayo lenye shingo nzima nikaliacha lenye shingo iliyopinda, bila kuhesabu hambaka.

Hilo la shingo ulitazame kwa makini. Huku kwetu Nyanda za Juu mbao inapata misukosuko: mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili, Tukuyu hata zaidi, kisha baridi kavu ya Juni na Julai. Shingo inasogea, nyuzi zinapanda au kushuka, na umbali kati ya uzi na pikapu unabadilika. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Milimita 2 hadi 3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Sumaku ikiwa karibu mno inauvuta uzi, na noti za juu kwenye uzi wa E zinatoa sauti ya kuyumbayumba kana kwamba hazijatyuniwa. Kwenye gitaa la hambaka mbili, ile ya darajani huinuliwa kidogo zaidi ya mwenzake kwa sababu uzi unacheza kidogo pale. Mara nyingi mtu analalamika kuwa pikapu moja ni dhaifu, kumbe inahitaji bisibisi tu.

Ukienda kujaribu, nenda na waya wako unaouamini na betri mpya ya volti 9. Omba kila gitaa lichomekwe kwenye amplifaya ile ile, ikolaiza zote katikati, volyumu isiyozidi maongezi ya kawaida. Piga mstari mmoja tu, ule wa pambio mnalolipiga sana, na mwombe rafiki apige kodi kwenye kinanda kwa mikono miwili. Usisikilize lipi ni tamu. Sikiliza lipi linakuwezesha kuzitaja noti zako wakati kinanda kinapiga. Zungusha kila kitufe taratibu. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, lakini sauti inayokatika inahitaji kulehemu upya. Ukishanunua, chomoa waya kila unapomaliza. Kwenye magitaa mengi ya betri, waya ukiwa umechomekwa betri inaliwa hata kama volyumu iko sifuri, na gitaa lisilo na swichi ya kuruka betri linanyamaza kabisa ikiisha.

Lipo jambo moja ambalo hakuna gitaa litakalokutatulia. Mpiga kinanda akiendelea kucheza besi kwa mkono wake wa kushoto, mtagombania chini milele. Zungumza naye kwa heshima kabla ya ibada, mkubaliane kwamba ukiingia wewe, mkono wake wa kushoto unapanda juu au unanyamaza. Kisha mwombe mtu wa mitambo akate kinanda chini ya Hz 150 hivi, na akuongezee wewe kidogo kati ya Hz 300 na 800. Fanyeni hivyo hata kabla hujanunua, na hilo gitaa la kanisa lililochoka linaweza kukushangaza.

Kuna kazi usizifanye mwenyewe kwa kusoma. Kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani ya shingo ni kwa fundi wa magitaa, akufanyie mbele yako ujifunze, maana ukikikata shingo imekwisha. Kulehemu waya za pikapu anaweza fundi wa redio mwenye mkono mwepesi, mradi kabla hajagusa apige picha rangi za waya zote. Akizigeuza kwenye hambaka moja, mvumo utarudi au sauti itakuwa nyembamba kama ya simu. Na kama umewahi kuhisi ganzi au mshtuko kwenye mdomo ulipogusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, usiichukulie kuwa jambo dogo la vyombo vya kanisa. Athi ya jengo au ya amplifaya ina hitilafu. Chomoa kila kitu, waambie wazee wa kanisa waite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje apime, na msipige kwa umeme mpaka awe amemaliza.